Tairi la Mkwe

Mkwe wangu Dishon Wakoli ana heshima kupita kiasi, na nasema hivyo nikijua kuna wanawake tele hapa Dandora wanaolia kwa kukosa mkwe wa namna hiyo. Akija kwangu, hasogei mlangoni. Husimama kule kwenye kamba ya nguo za jirani, akaipa nyumba mgongo na kusalimu akiangalia barabara, utadhani ni barabara iliyomzalia mke. Mimi nami hujifunga leso vizuri, nikaangalia ukuta, nikaitikia. Kwetu Bungoma ndivyo tulivyolelewa. Mama na mume wa bintiye hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawali meza moja. Watu wa Nairobi hutucheka, na wacheke. Marehemu mume wangu Zedekiah hakuwahi kumtazama mama yangu usoni mpaka siku tuliyomzika mama, na walipendana kama mtu na mwanawe.

Zedekiah aliniachia watoto na kibanda cha matairi Kariobangi, kando ya barabara. Watoto wamekua wakaenda zao, kibanda kimebaki. Nauza matairi yaliyokwisha tumika, ya magari yamelala chini, ya pikipiki yananing'inia juu. Mwaka ule wa mvua za El Nino, pikipiki hazikuwa nyingi mjini. Zilikuwa za matarishi wa ofisi, wachungaji wa makanisa, wasomaji wa mita. Kwa hiyo tairi zuri la pikipiki lilikuwa kitu cha kuviziwa. Nikilipata kwenye mnada wa ofisi fulani, nilikuwa nalala nalo nyumbani kwanza kabla ya kulipeleka kibandani.

Dishon alikuwa na pikipiki yake mwenyewe, nyekundu, kuukuu. Alikuwa akizunguka kwenye studio za picha, Donholm, Fedha, Umoja, anakusanya filamu za harusi na za ubatizo anazipeleka mjini kusafishwa, kisha anarudisha picha. Studio hazikutaka kusikia habari za kuchelewa. Maharusi wakikosa picha zao Jumamosi, mwenye studio hutukanwa, na yeye humtafuta Dishon. Asubuhi kabla ya mzunguko wake alimbeba Nasike, binti yangu, mpaka Fedha anakofundisha chekechea, na jioni akamrudisha. Nasike alikuwa mjamzito, tumbo limeanza kusukuma gauni, mjukuu wangu wa kwanza.

Sasa, kwa kuwa macho yangu hayaruhusiwi kupanda mpaka kwenye uso wa mkwe, hukaa chini. Ndivyo nilivyoliona. Alikuwa ameleta ujumbe wa Nasike, amesimama pale kwenye kamba, pikipiki iko ubavuni mwake, na mimi nikawa natazama gurudumu la mbele. Tairi lilikuwa kipara. Si kuchakaa tu, lilikuwa laini kama kisigino cha mtoto, na ubavuni limepasuka mistari mistari. Niliitikia salamu zake lakini sikusikia ujumbe wenyewe ulikuwa nini.

Mimi nimeyaishi matairi. La nyuma likipasuka, mwendeshaji huyumba, akapiga kelele, akasimama. La mbele likipasuka, usukani si wako tena. Na Barabara ya Outer Ring mwaka ule haikuwa barabara. Mvua ilikuwa imeitafuna, mashimo yamejaa maji huwezi kujua lipi la kifundo na lipi la goti, na malori hayangoji mtu.

Nilimwita Nasike kibandani, nikamwonyesha tairi nililokuwa nimelificha nyuma, la mnada, meno yake bado yana vile vinywele vya kiwandani.

"Mpelekee mumeo," nikasema.

"Mama, hatalichukua."

"Kwa nini asilichukue? Lina ukoma?"

"Hajamaliza ng'ombe. Amesema hatapokea kitu mkononi mwako mpaka amalize." Akashusha sauti. "Anasema watu watamcheka kwamba ameolewa yeye."

Ni kweli mahari ilikuwa imebaki, ng'ombe wawili, kwa kina Wesonga, ndugu za mume wangu. Mwanamume asiyemaliza mahari halafu anapokea mali ya mama mkwe, kwetu hutungiwa nyimbo kwenye matanga.

"Basi anunue," nikasema.

"Atanunuaje kwako? Lazima apunguziwe, pesa yenyewe ni ya kuungaunga. Atapiga bei na mama mkwe? Akiangalia wapi?"

Tulicheka, maana nilimwona kichwani mwangu, Dishon amesimama kibandani, amenipa mgongo, anabishana na Barabara ya Outer Ring kuhusu bei. Nasike alicheka mpaka akashika tumbo. Alipoondoka nilibaki nimekaa juu ya tairi la lori, na hamu ya kucheka ikaniisha. Nilikuwa na kitu ambacho kingewalinda, kimefichwa nyuma ya mgongo wangu, na sikuwa na njia ya kukifikisha mita chache tu mpaka kwenye pikipiki ile.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda cha Munyoki. Yeye pia aliuza matairi, na tulikuwa maadui wa kawaida wa kibiashara, wa kuibiana wateja mchana na kuazimana jeki jioni. Nilimpelekea lile tairi limefungwa kwenye gunia.

"Atakuja kijana mwenye pikipiki nyekundu," nikamwambia. "Mwuzie hili. Mwambie bei ya chini kabisa, bei ya tairi la baiskeli. Pesa atakayotoa utaniletea, nami nitakukatia chako."

"Mama Nasike, huyo si ni mtu yako? Si umwuzie mwenyewe?"

"Munyoki, mimi sikuja kuulizwa maswali. Na usimtajie jina langu."

"Sawa, mathe. Hakuna noma."

Kisha nikamtuma Laban, fundi wa pancha, ambaye Dishon humwamini, amwambie kwamba kwa Munyoki kuna matairi ya pikipiki. Na ili Dishon asione haya kupita mbele ya kibanda changu, Ijumaa ile sikufungua mapema. Nilikwenda kanisani kusaidia akina mama kufagia, nikafagia kwa furaha mpaka wakaniuliza kama nimepata mchumba.

Nilirudi alasiri. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka. Kitu cha kwanza nilichokiona ng'ambo ya barabara ni tairi langu. Lilikuwa bado linaning'inia kwa Munyoki, pale pale kwenye ndoano ya mbele, linameremeta kwa maji.

Nilivuka bila kuangalia kushoto wala kulia.

"Hakuja?"

"Alikuja," Munyoki akasema. Alikuwa anakula mahindi ya kuchoma, na alinikasirisha kwa namna alivyokuwa akiyatafuna taratibu. "Alikuja, nikamwonyesha hiyo yako, nikamwambia bei ile uliniambia. Akaishika, akaizungusha, akainusa kama kachero. Akaniuliza, 'Hii imetoka wapi?' Nikamwambia ni ya mtu fulani. 'Mtu gani?' Ningesema nini, mathe? Uliniambia nisiseme. Akairudisha kwa ndoano. Akasema, 'Ndugu, tairi safi hivi kwa bei kama hii ni ya wizi. Mimi ni mtu wa kanisa, sitaki laana kwa pikipiki yangu.'"

Nilikuwa nimelifanya rahisi mno. Nilitaka kumrahisishia mtoto wangu, nikalitia tairi langu harufu ya wizi.

"Akaenda?"

"Hakuenda. Akachagua ingine. Ya bei ya kueleweka."

"Ipi?"

Munyoki alitazama hindi lake. Nami nikatazama nyuma ya kibanda chake, mahali alipokuwa na jiko la makaa na kile kisu chake chenye mpini wa chuma, na vipande vya mpira mweusi vilivyokunjamana chini kama maganda ya viazi. Hakuna mtu wa matairi asiyejua kazi ile. Unachukua tairi kipara, unapasha kisu moto, unalichonga meno mapya. Ukilipaka rangi nyeusi ya viatu, mtu ataapa limetoka dukani juzi. Lakini mpira uliokuwa umebaki kidogo ndio huo umeuchimba, na chini ya meno hayo mazuri kuna nyuzi tu. Tairi la kuchongwa ni baya kuliko kipara, kwa sababu mwenye kipara huendesha kwa hofu.

"Umemwuzia la kuchonga," nikasema.

"Alilipenda mwenyewe! Alisema meno yake ni marefu. Mimi nilimwonyesha yako kwanza, mbele ya Mungu. Akakataa. Mteja akikataa nifanye nini, nimpige?"

"La mbele?"

"La mbele. Laban amemfungia sasa hivi tu. Ameenda kuchukua bibi yake."

Nilimwambia Munyoki maneno ambayo mwanamke aliyetoka kufagia kanisa hapaswi kuyasema. Kisha nikaenda barabarani.

Nilijua wanapita wapi. Kutoka Fedha wangeshika Outer Ring mpaka kwenye mzunguko wa Kariobangi, ndipo wakunje kuingia Dandora. Nilisimama kabla ya mzunguko, mahali barabara inaposhuka kidogo na kila mtu hukanyaga mafuta. Mvua ikazidi. Nilikuwa nimevaa nguo yangu ya kanisani na viatu vya kanisani, na maji ya malori yalinirukia mpaka kifuani. Niliomba, lakini si sala ya maana. Nilikuwa narudia tu jina la binti yangu.

Kila pikipiki iliyotokea nilidhani ni wao, na hazikuwa nyingi. Katikati ya hofu hiyo kulikuwa na hofu nyingine, na sioni aibu kuisema. Nilikuwa nafikiri, wakija, nitafanyaje? Kupunga mkono, hawataniona kwa mvua. Kumwita Nasike, hatanisikia na ile kofia ya chuma. Kulikuwa na njia moja tu, nami nilikuwa nimelelewa maisha yangu yote nisiipite.

Nikaiona nyekundu. Dishon alikuwa ameinama mbele kidogo, Nasike nyuma yake amejifunika karatasi ya nailoni, mikono yake imemzunguka mumewe kiunoni. Walikuwa wanakuja kasi, si kasi ya wazimu, kasi ya mtu mwenye tairi jipya.

Niliingia barabarani. Dishon alifunga breki, gurudumu la mbele likateleza upande, Nasike akapiga kelele, pikipiki ikayumba ikaja ikasimama karibu kabisa na magoti yangu. Kabla hajapata la kusema nilishika usukani kwa mikono yangu miwili, mikono yangu juu ya mikono yake, na nikamtazama usoni.

"Dishon," nikasema. "Shuka. Shuka sasa hivi."

Nilimwita kwa jina. Alifumba macho. Nakumbuka hilo kuliko kitu kingine chochote, mwanamume mzima ameketi kwenye mvua, magari yanapiga honi nyuma yake, amefumba macho kama mtoto anayechapwa, ili asinione.

"Mama!" Nasike akalia. "Mama, unafanya nini? Achia mikono yake! Watu wanaona!"

Watu walikuwa wanaona kweli. Kwenye kituo cha basi kilichokuwa pale hukusanyika watu wetu wengi, wafanyakazi wa viwandani wanaoshuka hapo kwenda Dandora, na nilisikia mtu akisema kwa Kibukusu, lugha yetu, "Huyo si mkwe wake?" Mwingine akaguna. Sikuachia.

"Shuka, Nasike. Tairi hilo limechongwa."

Nasike alishuka, nadhani kwa ajili ya kunitoa mimi. Ndipo nikaachia, nikachuchumaa kwenye matope na nguo yangu ya kanisani, nikachomoa pini kichwani mwangu, nikaichomeka kwenye mfereji kati ya meno mawili ya tairi. Niliivuta kidogo tu. Mpira ulifunguka, na nyuzi zikatokea, nyeupe, zimelowa. Nikatia pini pahali pengine, nyuzi. Pengine tena, nyuzi.

Dishon alikuwa amefumbua macho. Hakunitazama mimi, alitazama pini yangu. Maji yalikuwa yakimtiririka kwenye kidevu. Kisha akageuza uso kuelekea barabarani, na kwa sauti ile ile ya kwenye kamba ya nguo akasema, "Mama amesema."

Basi. Hakuuliza nilijuaje. Alizima pikipiki, akaishika, akaanza kuisukuma kwa mkono kuelekea Dandora. Nasike alimfuata. Alipofika mbele kidogo aligeuka, nikadhani atanishukuru.

"Ungemtuma mtu," akasema. "Mtu yeyote. Ungetuma hata mwenda wazimu."

Nilitaka kumwambia hapakuwa na mtu, hapakuwa na wakati. Lakini aliondoka, ameshikilia tumbo kwa mkono mmoja na ile nailoni kwa mwingine.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Jumapili Wesonga, shemeji yangu, alikuja na wazee wawili wa chama chetu cha mazishi, wakanywa chai yangu, wakaniambia nimemvua nguo mkwe mbele ya watu. Nikawauliza kama wangependa kuja kunywa chai hiyo hiyo kwenye matanga ya Nasike. Wesonga akasema nisitaje mambo kama hayo. Mmoja wa wazee akasema, kwani pikipiki ilianguka? Tairi lilipasuka? Nikasema halikupasuka. Akafungua mikono yake miwili, kama mtu anayeonyesha kwamba hana kitu. Hilo ndilo lililoniuma. Kwa kuwa hakuna aliyekufa, hakukuwa na sababu ya mimi kufanya nilichofanya.

Dishon hakupanda pikipiki tena. Hilo nililijua kutoka kwa Laban. Alikuwa ametii neno langu kabisa, tairi amelitoa, amelitupa, na Munyoki amekataa katakata kurudisha pesa. Pikipiki ilikuwa imeegemea ukuta, rimu tupu. Alikuwa akienda kwenye studio kwa miguu, na studio moja ya Donholm ilikuwa tayari imempa kazi mtu mwingine. Nasike alikuwa anatembea mpaka Fedha kwenye matope, na tumbo lile. Nami nililichukua tairi langu kwa Munyoki, nikalitundika kwenye ndoano yangu, na kila mteja aliyeliulizia nilimwambia limeshanunuliwa. Nilikuwa nimewatoa kwenye kifo nikawatia kwenye njaa, na nilichukia kila mtu, kuanzia ng'ombe wale wawili.

Kisha siku moja adhuhuri, jua limewaka baada ya mvua, nilikuwa napanga tyubu nikaona kivuli mbele ya kibanda. Nilijua viatu vile. Nilishika leso yangu nikageuka upande, kama kawaida, nikangoja asalimu barabara.

Hakusalimu barabara.

"Habari ya kazi," akasema, na sauti ilikuwa inanijia mimi moja kwa moja. "Hili tairi unauza ngapi?"

Niligeuka. Dishon alikuwa amesimama ndani ya kibanda changu, rimu iko begani, ananitazama usoni. Sikuwahi kumwona vizuri. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, ana kovu kwenye nyusi, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha akiliwaza jambo moja. Na nikaelewa alichokuja kufanya, na kwamba kilimgharimu. Mkwe hawezi kupokea tairi kwa mama mkwe, wala hawezi kupiga bei naye. Lakini mteja anaweza. Kwa hiyo alikuwa amemwacha mkwe nyumbani.

Nilitaka kulitungua nimpe, nimwambie chukua mwanangu, nenda kambebe mke wako. Mikono yangu ilikuwa tayari imeinuka. Lakini kumpa kungekuwa kumrudisha kulekule kwenye ukwe, na angeondoka bila tairi.

Nikataja bei. Bei yenyewe, ile ninayomwambia mtu yeyote.

"Ni ghali," akasema. "Punguza."

"Ni la mnada. Angalia meno yake."

"Nimeyaangalia. Punguza, mama, hali ni ngumu."

"Hali ni ngumu kwa kila mtu."

Tulipiga bei. Alisema kule kwa fulani ni nafuu, nikamwambia basi aende kwa fulani. Alifanya kama anaondoka, nikamwita kama ninavyowaita wote. Nilipunguza pale ninapopunguzaga, si chini ya hapo. Akatoa pesa mfukoni, noti zilizokunjwa ndogo ndogo, sikuuliza alikozipata. Alizihesabu kwenye kiganja changu, vidole vyake vikagusa vyangu, na hakuvirudisha nyuma.

Nilimshushia tairi. Alilichunguza pande zote, akalitia begani juu ya rimu, akasema asante, akavuka barabara kwenda kwa Laban. Nilikuwa nimemuuzia kama ninavyomuuzia mtu yeyote, naye akaondoka kama mtu yeyote.